Siti 36 za Montgomery

Basi la mjini Montgomery, Alabama, mwaka 1955 lilikuwa na siti 36. Kumi za mbele zilikuwa za Wazungu, wawepo wasiwepo. Basi liliweza kujaa watu weusi waliosimama wamebanana hadi karibu na dereva, na zile kumi zikabaki tupu bila mtu kuthubutu kuzikalia. Kumi za nyuma kabisa walikaa watu weusi. Zile 16 za katikati ndizo zilizokuwa na kasheshe, kwa sababu mpaka wake ulikuwa mdomoni mwa dereva. Mzungu na mtu mweusi hawakuruhusiwa kukaa mstari mmoja hata kama wametenganishwa na njia, kwa hiyo Mzungu mmoja akikosa pa kukaa, watu weusi wanne wanainuka.

Nauli nayo ilikuwa na utaratibu wake. Abiria mweusi alipanda mlango wa mbele, akatumbukiza senti zake 10, akashuka tena chini, akazunguka nje hadi mlango wa nyuma. Baadhi ya madereva walikuwa na mchezo wa kuondoa gari kabla hajafika.

Naanza na siti na nauli kwa makusudi. Nimefundisha historia ya harakati za haki za kiraia za Marekani kwa miaka mingi, na karibu kila darasa jipya linakuja na hadithi ileile: mama mshonaji, Rosa Parks, amechoka na kazi, amekataa kusimama kumpisha Mzungu kwenye basi, mchungaji kijana akahubiri vizuri, mahakama ikatoa haki. Kila mtu aliyetajwa humo alikuwepo kweli. Tatizo ni kwamba ukiisoma hivyo, huwezi kueleza mgomo wa watu weusi kususia mabasi ya Montgomery ulidumu vipi siku 381. Watu wapatao 40,000 waliozoea kupanda basi wanatakiwa kufika kazini kesho, keshokutwa, na mwezi wa kumi na mbili kutoka leo. Nani anawabeba? Mafuta ya gari ananunua nani? Na kama watu wote walikuwa barabarani kwa miguu, kesi iliyokwenda hadi Washington ilifunguliwa na nani?

Tuanze na walimu, maana wao ndio waliokuwa na mpango kabla ya tukio.

Mwaka 1946 Mary Fair Burks, mwalimu wa Kiingereza katika Chuo cha Alabama State, alianzisha Baraza la Kisiasa la Wanawake. Wanachama wake wengi walikuwa walimu na wanawake wenye taaluma. Miaka mitatu baadaye alikuja chuoni hapo mwalimu mwingine wa Kiingereza, Jo Ann Robinson. Desemba 1949, akiwa njiani kwenda likizo ya Krismasi, Robinson alipanda basi lililokuwa karibu tupu, akakaa mstari wa tano, akazama kwenye mawazo yake ya safari. Dereva alisimamisha basi, akamjia juu akiwa ameinua mkono kama mtu anayetaka kupiga. Robinson alishuka akilia. Alipowasimulia wenzake wa Baraza, hawakushtuka hata kidogo. Kwa Montgomery hilo lilikuwa jambo la kila wiki. Mwaka uliofuata akawa mwenyekiti wa Baraza, na mabasi yakawa ajenda yake.

Tarehe 21 Mei 1954 alimwandikia barua meya, W. A. Gayle. Tazama tarehe hiyo: zilikuwa zimepita siku nne tu tangu Mahakama ya Juu ya Marekani itoe hukumu ya kesi ya Brown, iliyoharamisha shule za umma kutenganisha watoto kwa rangi. Barua ya Robinson ina adabu zote za barua ya ofisini, lakini katikati yake kuna hesabu: robo tatu ya abiria wa mabasi ni watu weusi, wakiacha kupanda kampuni haiwezi kujiendesha, na tayari kuna vyama zaidi ya 25 vinavyozungumzia kususia. Alichoomba kilikuwa kidogo mno: watu weusi wakae kuanzia nyuma kuja mbele na Wazungu kuanzia mbele kwenda nyuma hadi basi lijae, abiria wasilazimishwe kuzunguka nje baada ya kulipa, na mabasi yasimame kila kona kwenye mitaa ya watu weusi kama yalivyofanya kwa Wazungu. Miezi 18 kabla ya Rosa Parks kukamatwa, meya alikuwa na onyo la maandishi mezani kwake.

Kilichokosekana ni kesi ya kupinga mahakamani sheria ya utengano, yaani ya kutenganisha abiria kwa rangi. Tarehe 2 Machi 1955 ilionekana kama imepatikana. Claudette Colvin, mwanafunzi wa sekondari mwenye miaka 15, alikataa kuachia siti, polisi wakamburuta nje ya basi na kumtia pingu. Alishtakiwa kwa makosa matatu: kuvunja sheria ya utengano, kuvuruga amani, na kumshambulia polisi. Kwenye rufaa jaji alifuta mawili ya kwanza, akabakiza lile la kumshambulia polisi. Hapo ndipo wengi hupitwa na ujanja wa hukumu ile. Huwezi kupinga uhalali wa sheria ya utengano kwa kutumia kesi ambayo sheria hiyo haimo tena ndani yake. Binti alibaki na doa la jinai, na mawakili wakabaki mikono mitupu. Watu hupenda kusema Colvin aliachwa kwa sababu alipata mimba. Mimba ilikuja baada ya rufaa yake kuwa imekwisha. Kweli, viongozi walinong'ona kuhusu umri wake, hasira zake na mtaa aliotoka, na sitawatetea kwa hilo, ila mlango wa kisheria ulikuwa umefungwa tayari.

Oktoba mwaka huohuo binti mwingine, Mary Louise Smith wa miaka 18, alikamatwa kwa kosa hilohilo. Faini ikalipwa, suala likafa kimyakimya.

Rosa Parks, basi. Alhamisi ya tarehe 1 Desemba 1955 alikuwa na miaka 42 na alitoka kazini Montgomery Fair, duka kubwa la mjini ambako alikuwa msaidizi wa fundi cherehani. Tangu 1943 alikuwa katibu wa tawi la Montgomery la NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, kazi iliyomfanya asikilize na kuandika ushahidi wa watu waliopigwa na kubakwa na Wazungu bila kesi kufika popote. Majira ya joto yaliyotangulia alihudhuria mafunzo ya Highlander, shule ya wanaharakati milimani Tennessee. Dereva wa siku ile, James Blake, alikuwa ameshamshusha kwenye basi mwaka 1943 kwa sababu ya ule utaratibu wa kuzunguka mlango wa nyuma. Parks alikaa mstari wa kwanza wa zile siti za katikati, mahali alipokuwa na haki ya kukaa. Mzungu mmoja alikosa pa kukaa. Watatu wakainuka, yeye hakuinuka.

Kuna jambo la kisheria hapa linalonifurahisha kila nikilifundisha. Sheria ndogo ya mji wa Montgomery yenyewe ilisema abiria halazimiki kuachia siti yake kama hakuna siti nyingine. Kwa maneno mengine, kwa sheria ya mji Parks hakuwa na kosa. Siku ya kesi mwendesha mashtaka alibadilisha haraka, akaegemea sheria ya jimbo, iliyompa dereva mamlaka ya kupanga abiria anavyotaka.

Usiku wa kukamatwa, E. D. Nixon alipiga simu polisi kuuliza, wakamwambia hayamhusu. Nixon alikuwa mhudumu kwenye mabehewa ya kulala ya treni za Pullman, kiongozi wa chama cha wafanyakazi hao mjini, mtu mwenye elimu ndogo ya darasani na anayemjua kila mtu. Akamtafuta Clifford Durr, wakili Mzungu, wakaenda pamoja kumwekea Parks dhamana. Wakili Fred Gray, kijana mweusi ambaye hata miaka 25 alikuwa hajatimiza, aliporudi mjini usiku ule alizungumza na Jo Ann Robinson. Robinson hakusubiri kikao cha mtu yeyote.

Alikwenda chuoni usiku wa manane. Mkuu wa idara ya biashara alikuwa na funguo za mashine ya kudurufu. Pamoja na wanafunzi wake wawili wakakata stensili, matangazo matatu kwa kila karatasi ili kubana matumizi, wakazungusha mashine hadi alfajiri. Yalitoka makumi ya maelfu. Ujumbe ulikuwa mfupi: mwanamke mwingine mweusi amekamatwa, msipande mabasi Jumatatu. Robinson akafundisha kipindi chake cha saa mbili asubuhi, kisha akaanza kuzunguka na gari, akiwapa wanafunzi mafurushi shule kwa shule, halafu maduka, saluni na viwanda. Chuo kilikuwa cha serikali ya jimbo, karatasi zilikuwa za serikali ya jimbo. Mkuu wa chuo alipomwita kumhoji, Robinson alijieleza, akaahidi kwamba Baraza lingelipa gharama ya karatasi, na walilipa. Jina lake halikuwekwa kwenye tangazo.

Nixon asubuhi ile aliwapigia wachungaji simu mmoja baada ya mwingine, akamdokeza pia mwandishi wa gazeti la Montgomery Advertiser, kisha akaenda zake kazini kwenye treni. Jumapili gazeti lilichapa habari ya mgomo ukurasa wa kwanza. Lilikusudia kuwaonya Wazungu. Matokeo yake, mtu mweusi ambaye hakuwa ameona tangazo wala hakwenda kanisani siku hiyo alipata habari bure. Jumatatu tarehe 5 polisi wakaongeza neema nyingine: waliyafuata mabasi kwa pikipiki ili kuwalinda abiria weusi dhidi ya wahuni waliodhaniwa wangewazuia kupanda. Bibi aliyekuwa bado anasitasita kituoni, akiona polisi nyuma ya basi, alianza kutembea.

Siku hiyohiyo Parks alihukumiwa faini ya dola 10 na gharama za kesi dola 4. Mchana viongozi waliunda MIA, chama cha kusimamia mgomo, wakamchagua Martin Luther King, miaka 26, mchungaji wa kanisa la Dexter Avenue. Alikuwa mgeni kiasi kwamba hajapata maadui mjini. Jioni, kanisa la Holt Street lilifurika hadi barabarani, maelfu wakakubaliana kuendelea.

Madai yao yalikuwa matatu, na wanafunzi wangu huyasoma mara mbili wakidhani nimekosea kuandika: madereva wawe na adabu, siti zijazwe kwa utaratibu ule wa nyuma na mbele bila kumwinua aliyekaa, na madereva weusi waajiriwe kwenye njia zinazopita mitaa ya watu weusi. Utengano wenyewe haukuguswa. Mji wa Mobile, ndani ya jimbo hilohilo la Alabama, ulikuwa tayari unatumia utaratibu wa siti waliouomba. Kama meya Gayle na wenzake wangekubali wiki ile ya kwanza, huenda Montgomery leo ingekuwa mstari mmoja katika vitabu vya historia. Walikataa, na kwa kukataa wakawasukuma watu wa MIA kuelekea dai kubwa ambalo hawakuwa wameanza nalo.

Sasa usafiri.

Siku za kwanza teksi za watu weusi, takriban 200, zilibeba abiria kwa senti 10, bei ileile ya basi. Mkuu wa polisi akakumbusha kuwa kuna sheria ndogo: nauli ya chini ya teksi ni senti 45. Mlango ukafungwa. King akampigia simu T. J. Jemison, mchungaji wa Baton Rouge, Louisiana, ambaye Juni 1953 aliongoza mgomo mfupi wa mabasi na kuendesha usafiri wa magari binafsi. Jemison alimweleza yote, pamoja na makosa yaliyofanyika.

Ndipo ukaibuka mfumo ambao mimi nauona ndio moyo wa Montgomery. Karibu magari binafsi 300 yaliandikishwa. Kamati ya usafiri iliongozwa na Rufus Lewis, aliyekuwa kocha wa mpira na mfanyabiashara, mtu aliyeendesha klabu ya usiku ambayo sharti la kuingia lilikuwa kuonyesha kwamba umejiandikisha kupiga kura. (Sijawahi kusikia kiingilio kizuri kuliko hicho.) Kulikuwa na vituo zaidi ya 40 vya kupakia watu asubuhi karibu na makazi yao na karibu idadi hiyo vya kuwarudisha jioni kutoka mitaa ya Wazungu walikofanya kazi. Kituo kikuu kilikuwa uwanja wa kuegesha magari katikati ya mji, uliomilikiwa na mtu mweusi, ambapo wasimamizi walipanga nani anakwenda wapi. Gari moja linamaliza njia moja linatumwa nyingine. Watu hawakulipa nauli garini, kwa sababu kutoza nauli kungeyafanya magari hayo kuwa teksi zisizo na leseni. Walichangia kanisani kwenye mikutano ya jioni.

Baadaye makanisa yalinunua magari ya stesheni wagoni, zaidi ya 15, kila gari likiandikishwa kwa jina la kanisa na jina hilo likachorwa ubavuni. Watu waliyaita makanisa yenye magurudumu. Uandikishaji huo ulikuwa na maana yake, kwani ni vigumu zaidi kulishambulia kanisa mahakamani kuliko kumshambulia dereva mmoja mmoja. Wazungu wakahamia kwenye bima. Kampuni za bima zilifuta sera za magari hayo moja baada ya nyingine, na gari lisilo na bima haliendi barabarani. Wakala mmoja mweusi wa bima huko Atlanta, T. M. Alexander, akapata bima kutoka Lloyd's ya London. Nadhani huko London hakuna aliyejua anaingizwa kwenye vita gani.

Januari 1956 mji ulitangaza kukaza kamba. Polisi walisimamisha magari ya mgomo kwa kila kisingizio. King alitiwa ndani kwa kuendesha maili 30 kwa saa mahali pa maili 25. Robinson alipewa faini za barabarani 17. Meya akawasihi hadharani wake wa Kizungu waache kuwapelekea magari wafanyakazi wao wa ndani, maana wengi walikuwa wanawafuata asubuhi na kuwarudisha jioni, kila mmoja akidai wa kwake hana habari na mgomo, anaogopa tu kupanda basi. Wake hao hawakuacha. Nguo zilihitaji kufuliwa na watoto walihitaji mtu wa kuwaangalia.

Haya yote yaligharimu dola zisizopungua 5,000 kwa mwezi. Michango ilitoka mbali baada ya magazeti ya kaskazini kuanza kuandika, lakini miezi ya mwanzo hela ilitoka mjini hapohapo, na hapo lazima nisimame kwa Georgia Gilmore.

Gilmore alikuwa mpishi katika mgahawa wa Wazungu, mkunga, mama wa watoto kadhaa, mwanamke mnene mwenye mdomo usioogopa mtu. Alikusanya wanawake wenzake, wengi wao wapishi na wafanyakazi wa majumbani, wakaanza kupika usiku: sandwichi za kuku, keki, pai za viazi vitamu. Waliviuza kwenye mikutano, saluni, vituo vya teksi, hata kwa Wazungu waliokula bila kujua wanachangia nini. Waliouza hawakuandikwa popote, maana jina lako likionekana kazi imekwisha. Kikundi wakakiita Klabu ya Kutoka Kusikojulikana, ili akiulizwa mtu hela imetoka wapi, jibu liwe la kweli. Jumatatu usiku Gilmore alipita katikati ya kanisa akiimba, akamwaga kwenye sahani mkusanyo wa wiki, dola 125 au hata zaidi, akatangaza kiasi, watu wakasimama kushangilia. Upande wa pili wa mji Inez Ricks alikuwa na kikundi chake, na kila wiki vikundi viwili vilishindana nani ameleta zaidi. Ushindani ule ulinunua petroli nyingi.

Mabomu yalikuja. Nyumba ya King ililipuliwa tarehe 30 Januari 1956, ya Nixon siku mbili baadaye. Hayo yameandikwa sana. Mashambulizi ya mahakamani yameandikwa kidogo, ingawa yalikaribia zaidi kuuvunja mgomo.

Alabama ilikuwa na sheria ya 1921, iliyotungwa dhidi ya vyama vya wafanyakazi, iliyokataza watu kula njama ya kuzuia biashara halali "bila sababu ya haki". Februari 1956 watu 89 walishtakiwa kwa sheria hiyo. Nixon hakungoja polisi wamfuate. Alikwenda mwenyewe ofisini kwao akasema, mnanitafuta, nipo. Wengine wakafuata mpaka kituo kikawa kama sherehe, watu waliokuwa wakiogopa jela maisha yao yote wakipiga foleni ya kukamatwa. King ndiye aliyeshtakiwa wa kwanza, Machi. Mawakili wake waliyashika yale maneno manne ya sheria. Kama kulikuwa na sababu ya haki, hakuna njama. Kwa hiyo waliwaita abiria kutoa ushahidi wa yaliyowapata kwenye mabasi.

Gilmore alipanda kizimbani. Alieleza kwamba Oktoba 1955 alilipa nauli akiwa ndani, dereva akamfokea ashuke akapandie nyuma, na alipokuwa anazunguka basi likaondoka na hela yake. Tangu siku hiyo, alisema, hakupanda tena. Kwa maneno mengine, mgomo wake yeye ulitangulia mgomo wa King kwa takriban miezi miwili. King alitiwa hatiani na kutozwa faini ya dola 500. Gilmore alifukuzwa kazi mgahawani. King akamshauri na kumsaidia apike nyumbani kwake, na meza yake ya kulia ikawa mahali ambapo mikutano mingi ya siri ilifanyika wakati sahani zinapita.

Wakati hayo yanaendelea kesi nyingine kabisa ilikuwa inatembea. Tarehe 1 Februari 1956 Fred Gray alifungua shauri katika mahakama ya shirikisho kwa niaba ya wanawake watano: Aurelia Browder, Susie McDonald, Claudette Colvin, Mary Louise Smith na Jeanetta Reese. Rosa Parks hayumo, na watu hunishangaa nikisema hivyo. Sababu ni ya kiufundi. Kesi yake ya jinai ilikuwa bado kwenye rufaa katika mahakama za jimbo, na mahakama ya shirikisho ilizoea kutoingilia mashtaka ambayo jimbo halijamaliza. Kumweka Parks kwenye orodha kungewapa upande wa pili kisingizio cha kuliahirisha shauri. Gray alitaka swali moja tupu: je, Katiba inaruhusu kutenganisha abiria kwa rangi?

Reese alijitoa siku moja baadaye kwa kutishwa. Gray akashtakiwa kwa kumwakilisha mtu asiyemtuma, na bodi ya kuandikisha wanajeshi ikaanza kumtafuta ingawa alikuwa mhubiri aliyesamehewa kwenda jeshini. Mashtaka yalifutwa. Wanne waliobaki hawakutetereka.

Shauri lilisikilizwa tarehe 11 Mei mbele ya majaji watatu. Mkakati wa wakili wa mji ulikuwa kuonyesha kwamba wanawake hawa wamechochewa, kwamba King ndiye kiongozi wao na bila yeye wangekuwa wametulia kwenye siti zao za nyuma. Alimuuliza Colvin, wakati huo ana miaka 16 na mtoto mchanga nyumbani, viongozi wao ni nani. Colvin alijibu kwamba viongozi wao ni wao wenyewe. Ukitafuta sentensi moja ya kueleza mgomo wa Montgomery, ichukue hiyo, na imo kwenye kumbukumbu za mahakama.

Juni 5 majaji wawili kwa mmoja waliamua kwamba utengano kwenye mabasi unavunja Katiba. Aliyepinga hakusema ubaguzi ni mzuri. Alisema hukumu ya Plessy ya mwaka 1896, iliyoruhusu mabehewa tofauti kwa rangi tofauti, haijafutwa waziwazi katika usafiri, na mahakama ya chini haina mamlaka ya kuifuta. Wenzake, Richard Rives na kijana Frank Johnson, waliona hukumu ya Brown imeshakata mzizi, mti unangoja kuanguka. Mji ukakata rufaa.

Novemba 13, 1956 King alikuwa mahakamani Montgomery akisubiri kushindwa. Mji ulikuwa umeomba zuio dhidi ya mfumo wa magari, ukidai ni biashara ya usafiri isiyo na leseni, na jaji alikuwa yuleyule aliyemtia hatiani Machi. Wakati wa mapumziko mwandishi wa habari akampa kikaratasi: Mahakama ya Juu imethibitisha uamuzi wa majaji wawili. Jioni ileile jaji wa Montgomery akatoa zuio. Ukawa mkanganyiko wa aina yake, siku moja utengano umekufa Washington na magari yamepigwa marufuku Montgomery. Amri rasmi ilichukua zaidi ya wiki tano kufika. Katika wiki hizo hapakuwa na vituo, hapakuwa na ratiba, watu walipeana lifti mtaa kwa mtaa na wengine walitembea tu. Hakuna aliyerudi kwenye basi. Kwangu mimi kipindi hicho kinaonyesha zaidi ya hotuba zote kwamba mgomo ulikuwa umeshika mizizi.

Amri ilifika Desemba 20, watu wakapanda Desemba 21. Ile picha maarufu ya Rosa Parks akiangalia nje ya dirisha ilipigwa siku hiyo kwa ajili ya magazeti. Yule Mzungu aliyekaa nyuma yake kwa uso mkavu ni mwandishi wa shirika la habari la United Press.

Kabla mwaka haujaisha watu wasiojulikana waliyapiga mabasi risasi na kumjeruhi miguuni mwanamke mjamzito. Januari 10, 1957 makanisa manne yalilipuliwa. Parks na mumewe, wote wakiwa wamepoteza kazi zao, walihamia Detroit mwaka huohuo.

Georgia Gilmore alibaki. Mwaka 1957 mwanawe Mark alipigwa na polisi kwa kukatiza ndani ya Oak Park, bustani kubwa ya mji iliyokuwa ya Wazungu tu. Desemba 1958 Gilmore na wenzake walifungua kesi. Mji ukajibu kwa kufunga bustani zote kuanzia Januari 1, 1959: wanyama wa bustani ya Oak Park wakauzwa, bwawa la kuogelea likafukiwa. Jaji Frank Johnson alitamka mwaka huo kwamba kuwabagua watu bustanini ni kinyume cha Katiba, lakini hakuwa na namna ya kuulazimisha mji kuzifungua. Zilifunguliwa 1965. Zilipofunguliwa, mji ukaanza kuziazima kwa shule binafsi zilizoanzishwa ili watoto wa Kizungu wasisome na weusi, na Gilmore akarudi mahakamani kwa jalada lilelile. Lilifika Mahakama ya Juu mwaka 1974, ikaamuliwa kwamba mji hauwezi kuzipa shule hizo matumizi ya peke yao ya viwanja vya umma. Kwenye vitabu vya sheria kesi hiyo imeandikwa Gilmore dhidi ya Mji wa Montgomery.